Nichukue pesa ya kupaua ninunue laptopu, au nimpe kijana wa steshenari data zangu?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 41, nina mume na watoto watatu. Nafanya kazi hospitali ya wilaya mkoani Singida, na nasoma uzamili wa afya ya jamii katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Masomo ya darasani nilimaliza salama, kibali cha maadili ya utafiti nikapata, nikarudi huku kukusanya data. Nimehoji wajawazito 384 kuhusu mahudhurio yao ya kliniki: umri, umbali wa nyumbani, kama mume aliwahi kumsindikiza, hali yake ya VVU, maswali karibu 60 kwa kila mama. Dodoso zimejaa maboksi mawili, yapo chini ya kitanda. Hapo ndipo nilipokwama.

Kompyuta yangu niliinunua ya mtumba kutoka kwa mwenzetu aliyehamishwa kituo. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, betri ilishakufa, waya ukichomoka kidogo tu inazimika. Nikiiwasha naenda kuinjika maharage, nikirudi bado kile kiduara kinazunguka. Umeme ukikatika, kila nilichokuwa sijahifadhi kimekwenda. Sura za kwanza nimeziandika kwenye simu, usiku baada ya zamu, kwa kidole. Msimamizi wangu akinirudishia kazi na maoni yake pembeni, kwenye simu yangu hayaonekani yote. Alishawahi kuniandikia akiuliza kwa nini napuuza anayoniambia. Niliona aibu kumwambia ukweli, ile barua pepe sijaijibu mpaka leo.

Halafu anataka SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu. Mwenzangu wa darasani aliniwekea kwa flashi, iliyokrakiwa, akaniambia nizime kwanza antivairasi ndipo iingie. Ikafanya kazi kwa muda, baadaye ikaanza kudai leseni. Nikaangalia bei ya leseni halali, nikafunga ukurasa. Hata makala za kusoma nyingi zinataka dola.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni pesa ya kikoba. Nyumba yetu imeshapita linta, imebaki kupaua, na mimi na mume wangu tumekuwa tukiweka hisa kwa ajili ya mbao na bati. Kikoba kinavunjwa Desemba na nitapata kama milioni moja na laki saba. Ningeweza kununua laptopu ya maana, lakini kuta zitanyeshewa msimu mwingine.

Ya pili, kuna kijana ana steshenari karibu na stendi. Wanafunzi wengi wa huku wanamjua. Anasema nimpeleke maboksi yote, ataingiza data, atachambua na kuniandikia sura ya nne yote, kwa laki nne. Nusu nimpe sasa, nusu kazi ikiisha. Wenzangu wawili walipitia kwake na wameshavaa joho.

Ya tatu ni kompyuta ya CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU, pale kazini. Ni nzima na usiku haitumiki. Dada anayesimamia kitengo ni rafiki yangu, anasema nije na flashi yangu nifanye kimyakimya.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipomweleza habari ya pesa ya kupaua hakukataa. Alisema "wewe ndiye unayejua," akaenda kuoga.

Kingine kinachoniuma, Mama, ni kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Chuoni kuna chumba cha kompyuta, nilikuwa naingia nakaa pembeni. Siku moja nilikwama, kijana sawa na mwanangu wa kwanza akasema "mama sogea," akashika mausi, akabofyabofya, tayari. Sikujua alichofanya na sikurudi tena mle ndani. Natakiwa kuwasilisha tasnifu mwezi Machi. Usingizi umepotea. Nifanye lipi?

Muuguzi wa Maboksi Mawili, Singida

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Kuhoji wajawazito 384 huku unaingia zamu na una nyumba ya kutazama si jambo dogo. Naona umelipita harakaharaka kwenye barua yako kana kwamba halikuwa na uzito.

Nikikuelewa vizuri, una kazi iliyokamilika upande mmoja, una tarehe mbele yako, na katikati kuna mashine inayokuangusha. Njia tatu ulizoziona, kila moja inamgusa mtu. Pesa ya kikoba inagusa paa la wanao. Kijana wa steshenari anagusa wale kina mama waliokufungulia mioyo. Kompyuta ya CTC inagusa mwajiri wako na wagonjwa wa kesho asubuhi. Nadhani usingizi umepotea kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa sababu ya Machi. Lakini kabla hatujazipima hizo tatu, nikuulize: nani alikwambia ni tatu tu?

Tuanze na mashine, maana hapo ndipo pesa ya bati inapotaka kwenda. Hiyo 384 yako kila mwanafunzi wa afya anaifahamu. Inatoka kwenye ile kanuni ya kukadiria sampuli ukichukua asilimia 50 na ukaruhusu kosa la asilimia 5. Zidisha kwa maswali 60, unapata visanduku 23,040 vya kujaza. Kwa mkono wa binadamu hiyo ni kazi ya kuchosha. Kwa kompyuta ni kidogo mno, kwani karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576 na wewe utatumia 384. Kwa hiyo mashine yako haijazidiwa na data zako. Haijakutana nazo bado. Inachoshindwa ni kuamka.

Mashine nyingi za umri huo zina diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, na ndiyo inayokupa muda wa kuinjika maharage. Fundi akiitoa akaweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na akaongeza RAM kutoka 4 hadi 8, mara nyingi mashine inakuwa nyingine kabisa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu mpya. Hata hivyo usiichukue kama ahadi. Kuna mashine ambazo RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezeki. Kuna SSD za kubabaisha zinazokufa mapema. Na kama ubao wenyewe umeanza kuchoka, kila shilingi utakayoiweka mle imepotea. Ndiyo maana ningependa fundi aifungue ukiwa umesimama pale pale, akuonyeshe kilichomo, akupe bei ya vifaa na bei ya betri, kisha uondoke na mashine yako ukafikirie. Na kabla hajaigusa, toa kila faili yako humo.

Kuingiza data ni jambo jingine, na hapo simu yako unayoidharau inaweza kukufaa kuliko unavyodhani. Upo mfumo wa bure uitwao KoboToolbox, watafiti na mashirika ya misaada wanautumia sana. Unatengeneza dodoso lako humo, unalifungua kwenye simu ya Android, unajaza karatasi moja baada ya nyingine hata bando likiwa limeisha, na ukipata mtandao unazituma. Unaweza kuuwekea masharti, kwa mfano umri usizidi 50, ili kidole kikiteleza ukaandika 230 badala ya 23 ikukatalie papo hapo. Mwisho unazishusha zote kama faili la Excel. Wewe umeandika sura nzima kwa kidole. Sioni kwa nini dodoso likushinde.

Hatari yake ni kwamba data zinakaa kwenye seva iliyo mbali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti kuhusu taarifa za watu zinazovuka mpaka. Jina la mama na namba ya kadi yake visiingie humo kabisa, iingie namba ya dodoso tu. Orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwenye karatasi, chini ya kufuli, mbali na maboksi. Na soma tena kibali chako cha maadili uone uliahidi kuzihifadhi vipi. Kama uliandika "kabati lenye kufuli" na sasa zinaenda kwenye seva, hiyo ni barua fupi ya kuwaandikia kamati, wakubali au wakatae.

Sasa SPSS. Programu hii ilianza mwaka 1968 pale Stanford, Marekani, na tangu 2009 ni mali ya IBM. Wasimamizi wengi waliisomea ujana wao, wakatajirika nayo kwa ujuzi, na kwao neno "kuchambua" ni kama jina jingine la SPSS. Siwalaumu. Lakini je, msimamizi wako alikukataza kutumia kitu kingine, au SPSS iliingia kwenye pendekezo lako kwa sababu kila mtu huiandika pale? Hayo ni mambo mawili. Kama ni la pili, kuna jamovi na JASP, zote za bure kisheria, zenye menyu za kubofya kama SPSS, na zinafungua mafaili ya SPSS bila shida. Kuna PSPP, nyepesi zaidi, iliyotengenezwa makusudi ifanane na SPSS. Na kuna R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Hiyo jamovi yenyewe imejengwa juu ya R. Ukitumia R moja kwa moja unaandika amri badala ya kubofya. Mwanzo wake ni mgumu, na kwa mtu mwenye tarehe ya Machi ningefikiri mara mbili, ila faida yake ni kwamba amri zako zinabaki zimeandikwa: mtahini akiuliza umefikaje kwenye jedwali fulani, unamwonyesha.

Kwa uchambuzi wa aina yako, majibu yanapaswa kutoka yale yale popote utakapofanyia. Anayejua takwimu analijua hilo. Lakini msimamizi ni mtu, si kanuni. Anaweza kusema hawezi kukusaidia kwenye programu asiyoijua, na hapo atakuwa na hoja. Basi ulizia chuoni, kwenye kitengo cha TEHAMA, kama chuo kina leseni, ipo kwenye mashine zipi, na kama aliye mkoani anaweza kuifikia. Wanafunzi wengi wanamaliza bila kuuliza swali hilo.

Ile ya kukraki nitaisema kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inahusu programu za kompyuta pia. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni, tazama maagizo uliyopewa: zima kwanza kinga, kisha ingiza kitu ambacho hujui kimetoka wapi. Wewe muuguzi ungemkubalia mtu akikwambia hivyo wodini? Na flashi iliyoleta kitu hicho, sitaki kufikiria ikichomekwa kwenye kompyuta ya CTC.

Maana hiyo kompyuta ya CTC inabeba kanzidata ya wagonjwa walio kwenye dawa. Ikipata kirusi kutoka kwako, kesho mtu anakuja kuchukua dawa na faili lake halifunguki. Rafiki yako ana moyo mzuri, lakini "kimyakimya" yake haitakulinda wewe wala yeye siku ya kuulizwa. Kama hospitali ina kompyuta nyingine ya ofisi, andika barua kwa mganga mfawidhi uombe saa fulani za jioni. Akikataa, umejua. Akikubali, unakaa pale taa zikiwaka na mlango wazi.

Sasa kijana wa steshenari. Hapa nitakaa zaidi, unisamehe.

Kulipia msaada wa takwimu si dhambi. Watafiti wakubwa wana wataalamu wao wa takwimu, huwashukuru kwa majina, wakati mwingine huwaandika kama waandishi wenza. Lakini kijana wako anauza vitu vitatu kwa mpigo: kuingiza data, kuchambua, na kuandika. Sidhani vina uzito sawa. Kuingiza data ni kazi ya mikono, na mtu anaweza kulipwa kuifanya akishatia saini ya kutunza siri na kama kibali chako kinaruhusu. Kuchambua ni mahali pa kujadiliana. Kuandika sura ya nne ni kuzungumza kwa mdomo wako. Siku ya kutetea, mtahini atakuuliza dodoso ambazo mama hakujaza umri ulizifanyaje, ulizitupa au ulizibakisha, na kwa nini. Atauliza kwa nini umbali umeugawa kwenye kilomita 5 na si 3. Kijana hatakuwepo. Hao wenzako wawili waliovaa joho, je, ulishawauliza walijibu nini? Pengine walijua kila kitu, yeye akawapigia chapa tu. Pengine walibahatika. Mimi na wewe hatujui, na joho halisemi.

Lakini linalonikaa kooni zaidi ni maboksi yenyewe. Kabla hujamhoji mama wa kwanza ulimsomea karatasi ya ridhaa. Najua inavyosema, zote hufanana: majibu yako yatakuwa siri, yatatumiwa na watafiti tu, ukikataa hutanyimwa huduma. Akaweka saini au dole gumba, ndipo akakwambia hali yake ya VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo, na wewe kama muuguzi umeishi nayo miaka yote. Wilaya yenu si kubwa. Steshenari ya karibu na stendi watu wanaingia kutoa kopi, karatasi zipo mezani, na yule kijana ana shangazi na majirani kama sisi sote. Kama maboksi yatatoka chini ya kitanda, basi yatoke bila majina, bila namba za kadi, na mtu anayeyapokea awe ametajwa mahali fulani kwenye utafiti wako.

Kuna namna ya katikati ambayo naifikiria, nayo ina kasoro zake. Wewe ungeingiza data mwenyewe, kisha ungemlipa kijana kwa saa, akae pembeni yako, kwenye mashine yako, kwenye faili lisilo na jina hata moja, akufundishe jedwali la kwanza na la pili. La tatu ufanye wewe yeye akitazama. Anaweza kukataa, maana kazi ya jumla inamlipa vizuri zaidi. Au unaweza kugundua kwamba naye anajua kubofya tu, hajui sababu, na hilo ungelijua ukiwa bado hujampa laki mbili za kwanza. Mpe jaribio dogo umwone. Na kabla hujaenda kwake, uliza idarani kwenu: mwanatakwimu aliyewafundisha darasani hukutana na wanafunzi wa utafiti siku gani?

Umeandika kwamba wewe si mtu wa kompyuta. Mwanangu, umejaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za kituo, miaka mingapi? Unapojumlisha waliohudhuria mara ya kwanza na marudio, ukatenganisha umri, ukagundua safu haijumlishiki ukarudi kutafuta kosa, hiyo ndiyo kazi ya data. Ulichokosa ni dakika za kukaa kwenye kiti bila mtu kukuambia sogea. Yule kijana wa chuoni hakukudharau, nadhani. Vijana wana haraka ya kusaidia na hawajui kwamba mkono wao unaziba macho ya mwenzao. Siku nyingine mtu akitaka kushika mausi, mwambie, "Mwanangu, acha nishike mimi, wewe niambie pa kubofya." Utashangaa atakavyokaa kitako akakuelekeza.

Makala zinazotaka dola, usilipe bado. Tangu 2002 upo mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wa majarida, na sasa uko chini ya Research4Life. Taasisi za nchi kama yetu zilizosajiliwa, vyuo na hospitali, zinasoma maelfu ya majarida ya afya bila malipo. Nywila anayo mkutubi wa chuo chako. Mwandikie ujumbe mmoja. Na kama chuo chako kimo kwenye eduroam, akaunti yako ya mwanafunzi itakupa intaneti kwenye chuo kingine chochote kilichojiunga, si Dar es Salaam peke yake.

Tuje kwa baba watoto. Wewe umesikia kukataa kwenye "wewe ndiye unayejua." Inawezekana. Inawezekana pia ni mtu aliyechoka, aliyeambiwa habari ya milioni moja na laki saba bila kuonyeshwa hesabu. Ulimwambia laptopu ni kiasi gani, ya aina gani, na baada ya tasnifu itawafaa nini nyumbani? Yeye ni mwalimu, huenda naye anaihitaji kwa maandalio ya masomo. Na pesa ya kikoba si lazima iwe yote au hakuna. Kuna kukopa kwenye kikoba kwa riba mliyojipangia, ukarejesha kwa mshahara, hisa zikabaki pale pale. Kuna kununua mbao mwaka huu na bati mwaka ujao, ingawa mbao zikikaa bila kuezekwa nazo zinaliwa na mchwa. Kuna kufunika vichwa vya kuta kwa nailoni msimu huu. Haya ni mambo ya watu wawili kukaa na karatasi na kalamu, baada ya bei ya fundi kujulikana. Bila bei hiyo mtagombana juu ya namba ambayo hakuna anayeijua.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja hata kwa kuikataa, nayo ni kuongeza muda. Najua inagharimu ada, na kwa mtumishi aliye kwenye ruhusa ya masomo inaweza kuleta maswali kwa mwajiri. Uliza ofisi ya uzamili gharama yake ni nini na maombi yanapokelewa hadi lini, kwa sababu ombi linalofika kabla ya tarehe husomwa kwa jicho tofauti na linalofika baada yake. Kuuliza siyo kuomba. Unaweza kujua bei yake kisha ukaamua kukimbia na Machi hivyo hivyo.

Na msimamizi. Sijui ukali wake, wewe unamjua. Lakini kwa sasa anaamini unampuuza, na hilo linakuumiza wewe kuliko simu mbovu. Ungeweza kumjibu kwa mistari michache: kwamba unaandika kwa simu, kwamba maoni ya pembeni hayaonekani yote, na kwamba ungeshukuru akikutumia nakala ya PDF yenye maoni hayo, ambayo simu janja nyingi zinaifungua. Humo humo umuulize kama anakubali jamovi badala ya SPSS, na kama hakubali, chuo kinawasaidiaje walio mikoani. Wengine hujibu kwa ukali, wengine hufunguka. Nimewaona wa aina zote mbili.

Mpaka hapo utakapoamua, toa nakala za kila ulichoandika: moja kwenye mashine, moja kwenye flashi isiyotembea mitaani, moja kwenye hifadhi ya barua pepe yako. Na maboksi yahame chini ya kitanda yaende kwenye kitu chenye kufuli, hata sanduku la bati.

Wasomaji mliomaliza uzamili mkiwa mikoani na mashine za kubahatisha, mwandikieni mwenzenu kupitia safu hii. Hasa wauguzi.